Kipande kipi cha bunduki ndicho bunduki?

Katika majimbo mengi ya Marekani, mtu anaweza kuagiza kwa posta nusu ya juu ya bunduki aina ya AR-15, ikiwa na mtutu wake na chuma kinachoifungia risasi ndani ya mtutu huo, akaletewa mlangoni kama aletewavyo viatu. Kwa mujibu wa sheria ya shirikisho, kilichomo ndani ya kifurushi hicho si bunduki. Akitaka nusu ya chini, ambayo haina mtutu na peke yake haiwezi kurusha hata kokoto, mambo hubadilika. Hana budi kupitia kwa muuzaji mwenye leseni, ajaze fomu, na jina lake lichunguzwe katika mfumo unaosimamiwa na FBI tangu mwaka 1998. Nusu hiyo ya chini, kwa macho ya sheria, ndiyo bunduki yenyewe.

Mpenzi msikilizaji, huenda jambo hili likaonekana kuwa kichekesho cha wanasheria. Lakini limewaachia huru washtakiwa, limewatatiza majaji, na limewaweka katika hatari ya kifungo watu waliodhani wananunua vipuri tu. Ili kulielewa, yafaa kwanza kuifungua bunduki na kutazama ndani.

Nusu mbili na pini mbili

AR-15 ilitokana na kazi ya mhandisi Eugene Stoner wa kampuni ya ArmaLite, katika jimbo la California, miaka ya 1950. Herufi AR zinatokana na jina la kampuni hiyo. Hazina maana ya bunduki ya mashambulizi, kama wengi wanavyodhani. ArmaLite ilikuwa tawi la kampuni ya kutengeneza ndege ya Fairchild, na ndiyo maana Stoner hakuona ajabu kutumia aluminiamu mahali ambapo wenzake walitumia chuma cha pua na mbao. Mwaka 1959 haki za kuitengeneza ziliuzwa kwa kampuni ya Colt. Jeshi la Marekani likaichukua kwa jina la M16 na kwenda nayo Vietnam, na katikati ya miaka ya 1960 Colt ikaanza kuwauzia raia ile isiyoweza kumimina risasi mfululizo: kila kifyatulio kinapovutwa hutoka risasi moja, kisha bunduki hujipakia yenyewe na kungoja kuvutwa tena.

Mwili wa bunduki hii umegawanyika sehemu mbili. Kwa ajili ya makala haya tutaziita kiwiliwili cha juu na kiwiliwili cha chini. Kile cha juu kimebeba mtutu, na ndani yake hupita mbele na nyuma kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu wakati baruti inapolipuka, ambacho tutakiita komeo. Kile cha chini kimebeba kifyatulio, nyundo, swichi ya usalama, tundu la kuingizia magazini, mshiko na kitako. Namba ya utambulisho imechongwa kwenye kiwiliwili cha chini.

Vinavyoviunganisha ni pini mbili tu. Ya nyuma ikisukumwa, bunduki hufunguka kama kitabu, ikining'inia kwenye pini ya mbele. Na hiyo ya mbele ikisukumwa, nusu mbili huachana kabisa. Stoner alikusudia askari aweze kuisafisha bunduki yake matopeni bila kuhitaji karakana. Kazi yote haichukui dakika moja, wala haihitaji chombo chochote zaidi ya ncha ya risasi ya kusukumia pini. Sharti moja halina mjadala: kabla ya kugusa pini, magazini itolewe, komeo livutwe nyuma, na chemba itazamwe kwa macho na kupapaswa kwa kidole. Kutoa magazini peke yake hakutoshi, kwani risasi moja huweza kubaki ndani ya mtutu.

Bunduki inapofyatuliwa, nyundo iliyo katika kiwiliwili cha chini huruka na kuipiga pini ndogo iliyo ndani ya komeo, katika kiwiliwili cha juu. Baruti hulipuka, sehemu ya gesi yake hupenya kwenye kitundu kilichotobolewa juu ya mtutu, hurudi nyuma kwa mrija mwembamba na kulisukuma komeo. Ganda tupu hutupwa nje, springi iliyo ndani ya kitako hulirudisha komeo mbele, na komeo huchukua risasi mpya njiani. Msikilizaji aliweke akilini jambo hili moja: nyundo iko chini, komeo liko juu. Ugomvi wote wa mahakamani ulizaliwa hapo.

Kwa nini watu hubadilisha

Hataza za Stoner zilimalizika muda wake mwaka 1977. Tangu hapo kampuni yoyote iliruhusiwa kutengeneza bunduki ya namna hiyo, na vipuri vya kampuni moja kwa kawaida huingia kwenye bunduki ya kampuni nyingine. Ndiyo maana kiwiliwili cha juu kimekuwa kama lenzi ya kamera, kitu cha kutoa na kuweka kulingana na kazi iliyopo. Mwindaji wa nguruwe mwitu huko Texas huweka chenye mtutu wa risasi nene. Anayefanya mazoezi ya shabaha huweka cha risasi ndogo za bei nafuu za .22. Mwingine ametumia mtutu wake mpaka mikunjo ya ndani imelika na shabaha haishiki tena. Naye huona ni rahisi zaidi kubadilisha nusu nzima kuliko kumpelekea fundi afungue mtutu peke yake.

Anayenunua kiwiliwili cha juu kilichokamilika hupata mtutu na komeo vilivyokwisha kupimwa pamoja. Anayeunganisha mtutu wa kampuni hii na komeo la kampuni ile anapaswa kumpelekea fundi apime kwa vipimo maalumu nafasi iliyobaki kati ya komeo na kitako cha risasi. Nafasi hiyo ikizidi, ganda hupasuka. Ikipungua, komeo halifungi.

Hatari nyingine haihitaji ufundi wa mtu yeyote. Tangu mwaka 2011 kumekuwapo aina ya risasi iitwayo .300 Blackout, iliyobuniwa makusudi itumie komeo na magazini zilezile za AR-15 ya kawaida, tofauti ikiwa ni mtutu tu. Urahisi huo una gharama yake. Risasi hiyo ikiingizwa kimakosa katika mtutu wa kawaida, ambao tundu lake ni dogo kuliko ncha ya risasi, komeo laweza kufunga na bunduki ikafyatuka. Risasi haina pa kupita. Bunduki hupasukia mkononi, karibu na uso. Wenye viwiliwili viwili vya juu vya aina hizo mbili wameshauriwa mara nyingi watie alama magazini zao na wasichanganye risasi mezani.

Jembe na mpini wake

Turudi kwenye sheria. Mkulima akibadilisha mpini wa jembe, jembe ni lilelile, maana kinacholima ni chuma. Sheria ya Marekani kuhusu AR-15 imefanya kinyume chake: imeuhesabu mpini. Mtu aweza kubadilisha mtutu, ukubwa wa risasi, umbali wa shabaha na komeo lenyewe, na kwa karatasi za serikali bunduki yake haijabadilika hata kidogo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Sheria ya silaha ya mwaka 1938 ilihesabu kila sehemu ya bunduki kuwa ni bunduki. Utaratibu huo ukaonekana hautekelezeki, kwani nani angeandika daftarini kila springi na kila skrubu? Mwaka 1968, baada ya kuuawa kwa Martin Luther King mwezi Aprili na Seneta Robert Kennedy mwezi Juni, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya ya udhibiti wa silaha, ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini mwezi Oktoba. Sheria hiyo ilichagua kipande kimoja kiwe ndicho bunduki, yaani mwili unaobeba vyuma vingine, bila kueleza kwa undani mwili huo ni upi. Kanuni zilizofuata zikasema ni sehemu inayohifadhi nyundo, komeo na mtambo wa kufyatulia, na ambayo kwa kawaida ina mikunjo upande wa mbele ya kufungia mtutu.

Maelezo hayo yanafaa sana kwa bunduki za zamani za kuwindia. Hata AK-47, silaha ambayo kwa bahati mbaya watu wengi wa Maziwa Makuu wanaijua kwa sura, haina utata mkubwa, kwa kuwa nyundo na komeo vyote vimo ndani ya sanduku moja la chuma lenye mfuniko. AR-15 ndiyo isiyoingia. Kiwiliwili cha chini kina nyundo na mtambo wa kufyatulia, lakini hakina komeo wala hakishiki mtutu. Kile cha juu kina komeo na mtutu, lakini hakina nyundo. Ukisoma kanuni neno kwa neno, bunduki iliyouzwa kwa wingi kiasi hicho haina mwili wowote unaotambuliwa na sheria. Idara ya serikali inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na milipuko, ATF, ilichagua kiwiliwili cha chini, na kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza.

Waliouliza walikuwa mawakili wa utetezi. Mwaka 2016, kaskazini mwa California, jaji wa shirikisho alitupilia mbali mashtaka ya mtu aliyekutwa na kiwiliwili cha chini ingawa rekodi yake ya uhalifu ilimkataza kumiliki silaha. Jaji alisema kitu hicho hakilingani na maelezo yaliyoandikwa, na raia hawezi kufungwa kwa sheria isiyomweleza kilichokatazwa. Desemba 2019 jaji mwingine, katika jimbo la Ohio, alifikia uamuzi unaofanana na huo.

Kesi iliyozungumzwa zaidi ilikuwa ya kusini mwa California mwaka huohuo wa 2019. Mtu mmoja mwenye karakana alishtakiwa kwa kutengeneza na kuuza bunduki bila leseni. Alikuwa akichukua vipande vya aluminiamu ambavyo havijamalizika, na mteja mwenyewe alibonyeza kitufe cha mashine iliyovichonga, ili isemekane kuwa mteja ndiye aliyeitengeneza bunduki yake. Jaji alipotoa maoni ya awali kwamba kiwiliwili cha chini si bunduki kwa maana ya kanuni, waendesha mashtaka walipatana na mshtakiwa kabla maoni hayo hayajawa hukumu kamili. Sababu ni rahisi kuielewa. Kama kiwiliwili cha chini si bunduki, na cha juu hakijawahi kuwa bunduki, basi nusu zote mbili zingeweza kuuzwa kama misumari.

ATF ilijibu kwa kanuni mpya iliyoanza kutumika Agosti 24, 2022. Ndani yake kuna jambo ambalo mwandishi wa makala haya analiona kuwa la ajabu kuliko yote yaliyotangulia. Kanuni hiyo inasema kwamba kwa bunduki ndefu, mwili ni sehemu inayohifadhi kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, yaani komeo. Kwa maelezo hayo AR-15 ingehamia juu, na kila kiwiliwili cha juu nchini Marekani kingehitaji namba na fomu. Basi waandishi wake wakaongeza kifungu kinachoitaja AR-15 kwa jina na kusema kwamba kwake yeye, kiwiliwili cha chini kitaendelea kuwa ndicho bunduki. Mamilioni ya namba zilikuwa zimekwisha kuchongwa huko, na hapakuwa na njia ya kuzihamisha.

Kanuni hiyohiyo iliwagusa wauzaji wa vifurushi vya vipande visivyomalizika, ambavyo mnunuzi huvikamilisha nyumbani na kupata bunduki isiyo na namba. Kwa mujibu wa serikali ya Marekani, takriban bunduki 20,000 zinazoshukiwa kuwa za namna hiyo ziliripotiwa na polisi kwa ATF mwaka 2021 pekee. Wapinzani walikwenda mpaka Mahakama ya Juu, ambayo Machi 26, 2025, kwa kura 7 dhidi ya 2, iliiacha kanuni isimame. Hukumu iliandikwa na Jaji Neil Gorsuch, aliyeteuliwa na Rais Donald Trump.

Nyayo mbili za mpelelezi

Kwa mpelelezi wa mauaji, mgawanyo huu si nadharia. Mikwaruzo inayoachwa juu ya risasi hutokana na mtutu. Alama zilizo kwenye kitako cha ganda hutokana na komeo na pini yake. Vyote hivyo vimo katika kiwiliwili cha juu, ambacho hakina namba inayotakiwa na sheria. Namba, ambayo humwongoza mpelelezi kwa mtengenezaji, kisha kwa muuzaji, kisha kwa mnunuzi wa kwanza, imo katika kiwiliwili cha chini, ambacho hakiachi alama yoyote juu ya risasi. Maganda yaliyookotwa mahali pa tukio na daftari la dukani yanazungumzia nusu mbili tofauti, nazo zimeshikana kwa pini mbili.

Nchi nyingine zimekataa kuchagua kipande kimoja. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2017 lililofuata mashambulizi ya Paris ya mwaka 2015, umeorodhesha mtutu, komeo, na viwiliwili vyote viwili, cha juu na cha chini, kuwa sehemu muhimu zinazodhibitiwa kama bunduki. Uingereza ilipiga marufuku bunduki ndefu zinazojipakia zenyewe, isipokuwa zile za risasi ndogo za .22, kwa sheria ya mwaka 1988, mwaka mmoja baada ya mauaji ya Hungerford. Na huko mtutu au komeo huhitaji cheti hata likiwa peke yake. Katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo, zilikubaliana kuzitia alama silaha ili zifuatiliwe.

Mahali ambapo kipuri hugeuka kosa

Kwa wasikilizaji wetu waishio Marekani, kuna mipaka mitatu ambayo muuzaji wa vipuri hana wajibu wa kuitaja.

Wa kwanza ni urefu wa mtutu. Bunduki ndefu yenye mtutu chini ya inchi 16, yaani kama sentimita 40.6, iko chini ya sheria ya mwaka 1934 iliyotungwa zama za majambazi wa Chicago, na lazima isajiliwe ATF kabla ya kuundwa. Ada ya dola 200 iliyokuwa ikitozwa ilifutwa kwa silaha za aina hii kuanzia Januari 1, 2026, lakini usajili umebaki, na adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 10. Kiwiliwili cha juu chenye mtutu wa inchi 10 huuzwa bila fomu. Kosa hutendeka pale kinapowekwa juu ya bunduki ndefu isiyosajiliwa na pini mbili zikasukumwa mahali pake, kwa dakika ileile moja. Tena, mwenye bunduki ndefu moja tu nyumbani, akiwa na kiwiliwili kifupi cha juu kisichokuwa na kazi nyingine, aweza kuulizwa alikuwa nacho kwa kusudi gani.

Wa pili ni hadhi ya uhamiaji. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua na kumiliki bunduki. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa masharti maalumu kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Na kwa kuwa kiwiliwili cha chini ndicho bunduki, mwanafunzi anayekaa na mwenzake na kutunziwa kabatini kile kipande cha aluminiamu kisicho na mtutu amekwisha kuingia hatarini.

Wa tatu ni mpaka wa nchi. Kipande ambacho ndani ya Marekani kilisafiri kwa posta kama viatu, kinapotoka nje huhesabiwa kuwa sehemu ya silaha. Tangu mwaka 2020 usafirishaji wa bunduki hizi na vipuri vyake, mitutu na makomeo yakiwemo, umekuwa chini ya Wizara ya Biashara ya Marekani, nayo hutaka leseni. Upande wa kupokea nako kuna sheria: ile ya silaha ya Kenya, sura ya 114, iliyofuata mfano wa Uingereza, inaihesabu sehemu ya bunduki kuwa ni bunduki. Kwa hiyo kiwiliwili cha juu kilichofungwa ndani ya kontena la magodoro na vyombo, likitoka Houston kwenda Mombasa, kinahitaji leseni kabla ya kupakiwa na kibali kabla ya kushushwa. Na anayewajibika mbele ya forodha ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye karatasi za mzigo.